Mgombea Mwenza: Neno, Katiba na Mpigakura wa Igogo

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza istilahi moja ya siasa ya Tanzania, nayo ni mgombea mwenza. Istilahi hii ilienea nchini kwa ajili ya uchaguzi mkuu wa mwaka 1995, uliokuwa wa kwanza kufanyika tangu mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa mwaka 1992. Tangu hapo imekuwa neno la kawaida redioni, magazetini, katika mikutano ya hadhara na katika mazungumzo ya watu. Kwa kuwa imezoeleka hivyo, ni nadra kumsikia mtu akiuliza maana yake. Kazi ya makala haya ni kuuliza swali hilo na kulijibu kwa kutumia njia mbili: uchambuzi wa neno lenyewe, na ulinganishaji wa neno hilo na masharti ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 pamoja na matukio yaliyoyapima masharti hayo.

Hoja yetu ni kwamba neno mwenza linamwahidi msikilizaji usawa ambao Katiba haikuutoa, na papo hapo halimwelezi jambo zito ambalo Katiba imelitoa. Anayesikia mwenza hufikiria watu wawili walio sawa. Anayesoma Katiba hukuta kiongozi na msaidizi wake. Anayesoma zaidi hukuta kwamba msaidizi huyo ndiye Rais wa nchi mara kiti kinapobaki wazi. Kumchagua mgombea mwenza, kwa hiyo, ni kumchagua mtu anayeweza kuwa Rais bila kupigiwa kura tena.

Tumemchukua mpigakura wa Igogo kuwa kipimo cha maelezo yetu. Igogo ni kata ya Jiji la Mwanza, katika Wilaya ya Nyamagana, kwenye upande wa Ziwa Victoria ambako nyumba zimepanda mlima wa mawe hadi karibu na kilele. Kama ilivyo Mwanza nzima, wakazi wake wametoka katika makabila mengi ya Kanda ya Ziwa na kwingineko, na lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Ni watu wanaoipokea istilahi ya kisiasa kwa Kiswahili chenyewe, bila kwanza kuijua kwa Kiingereza. Aidha, Igogo iko mbali sana na pwani, na Zanzibar iko ng'ambo ya pwani hiyo. Kwa mkazi wa huko, mgombea mwenza anayetoka Zanzibar huwa mtu wa kusikika kwa jina, asiyefahamika kwa sura wala kwa kazi zake. Mtu wa namna hiyo hutegemea zaidi kile ambacho neno lenyewe linamwambia.

2.0 Neno mwenza na jamaa zake

Mwenza na mwenzi ni maneno ya ukoo mmoja. Yote mawili yako katika ngeli ya watu na wingi wake ni wenza na wenzi. Maumbo yanayobeba vimilikishi, kama vile mwenzangu, mwenzako na mwenzetu, ni ya kila siku mno kiasi kwamba wasemaji wengi hawayatambui tena kuwa ni maneno mawili yaliyoungana. Maana ya msingi ni mtu anayeshirikiana na mwingine katika hali, kazi, safari au jambo fulani. Mwanafunzi mwenzangu anasoma kama ninavyosoma. Msafiri mwenzangu yuko njiani kama nilivyo njiani.

Umbo mwenza limepata matumizi yake maalumu. La zamani zaidi kati ya yale tunayoyafahamu ni mke mwenza, ambamo wanawake wawili au zaidi wameolewa na mume mmoja, na hali hiyo ikaitwa ukewenza. Katika miongo ya karibuni neno hili limeenea katika lugha ya huduma za afya na ya shughuli rasmi. Mama mjamzito huambiwa aje kliniki na mwenza wake, na wake na waume wa viongozi hutajwa kuwa wenza wa viongozi. Vyuoni na katika mikutano tunao mwandishi mwenza, mhariri mwenza na mwenyekiti mwenza.

Katika matumizi yote haya mambo mawili hujirudia. La kwanza ni kushiriki kitu kimoja: mume mmoja, nyumba moja, kitabu kimoja, kiti kimoja cha mkutano. La pili ni ulinganifu wa hadhi. Mhariri mwenza ni mhariri na mwenyekiti mwenza ni mwenyekiti. Hata katika ndoa ya wake wengi, ambako umri na utangulizi vina uzito wake, mke mwenza ni mke kamili na si msaidizi wa mke.

Inafaa kuona hapa kwamba Kiswahili hakikuifuata picha iliyomo katika istilahi ya Kiingereza. Wamarekani waliichukua yao kutoka katika mashindano ya farasi, ambako farasi wa pili wa mwenye zizi mmoja alitolewa ili kumpa mwenziwe kasi. Katika picha hiyo farasi wa pili hakutarajiwa kushinda. Waliounda istilahi ya Kiswahili waliziacha mbio na farasi wakaingia katika mahusiano ya watu. Walipata neno zuri na la asili, lakini pamoja nalo wakapata maana ya usawa ambayo jambo lenyewe halina.

3.0 Jaribio la kugeuza

Tofauti hiyo inaweza kuthibitishwa kwa jaribio jepesi ambalo mwalimu yeyote anaweza kulifanya na wanafunzi wake. Kama uhusiano ni wa wenza kwa wenza, tukibadilishana majina ya pande mbili sentensi itabaki kuwa kweli. Tazama mifano ifuatayo:

(1) a. Asha ni mke mwenza wa Halima.
b. Halima ni mke mwenza wa Asha.

(2) a. Juma ni mhariri mwenza wa Neema.
b. Neema ni mhariri mwenza wa Juma.

Katika kila jozi, (a) ikiwa kweli (b) nayo ni kweli. Sasa tuilete istilahi yetu:

(3) a. Samia Suluhu Hassan alikuwa mgombea mwenza wa John Magufuli mwaka 2015.
b. *John Magufuli alikuwa mgombea mwenza wa Samia Suluhu Hassan mwaka 2015.

Sentensi (3a) ni habari inayojulikana na kila mtu. Sentensi (3b) haikubaliki, ingawa sarufi yake haina kasoro. Msemaji wa Kiswahili, awe Igogo au Unguja, ataikataa mara moja. Uhusiano huu, basi, unakwenda upande mmoja tu. Mmoja ni mgombea, na mwingine ni mwenza wake.

Wingi unatuonyesha jambo jingine. Tukisema wake wenza, tunamaanisha wanawake walio wenza wao kwa wao. Lakini tukisema wagombea wenza wa mwaka 2015, tunamaanisha watu kama Samia Suluhu Hassan wa CCM na Juma Duni Haji wa CHADEMA, ambao walikuwa wapinzani. Hakuna aliyekuwa mwenza wa mwingine. Kila mmoja alikuwa mwenza wa mtu ambaye neno hilo la wingi halimtaji.

Hitimisho la sehemu hii ni kwamba katika mgombea mwenza, sehemu moja tu ya maana ya mwenza imebaki, nayo ni kushiriki kitu kimoja. Kitu hicho ni kura. Watu wawili wanagombea nafasi mbili tofauti, na mpigakura anawapa wote wawili alama moja.

4.0 Kutoka makamu wawili hadi mgombea mwenza

Ili kuelewa kwa nini kura hiyo ni moja, hatuna budi kurejea historia ya nafasi yenyewe. Muungano wa Tanganyika na Zanzibar ulipoanza tarehe 26 Aprili 1964, Rais Julius Nyerere alikuwa na makamu wawili. Abeid Amani Karume, Rais wa Zanzibar, alikuwa Makamu wa Kwanza, na Rashidi Kawawa alikuwa Makamu wa Pili. Karume alipouawa tarehe 7 Aprili 1972, Aboud Jumbe alirithi nafasi zake zote mbili. Utaratibu ulibadilika kidogo mara kwa mara, lakini kanuni iliendelea kwamba anayeongoza Zanzibar anakuwa pia makamu katika Serikali ya Muungano. Hata Ali Hassan Mwinyi, Mzanzibari, alipokuwa Rais wa Muungano mwaka 1985, Makamu wa Kwanza alikuwa Waziri Mkuu, Joseph Warioba, na Makamu wa Pili alikuwa Rais wa Zanzibar, Idris Abdul Wakil. Katika miaka yote hiyo hapakuwa na mgombea mwenza.

Chini ya chama kimoja utaratibu huo haukuleta tatizo la kikatiba, kwa kuwa viongozi wote walitoka katika chama hichohicho. Vyama vingi viliporejeshwa mwaka 1992 likazuka swali ambalo halikuwapo: itakuwaje iwapo Rais wa Muungano atatoka chama kimoja na Rais wa Zanzibar atatoka chama kingine? Swali hili halikuwa la kubuni tu. Katika uchaguzi wa Zanzibar wa mwaka 1995, matokeo rasmi yalimpa Salmin Amour wa CCM asilimia 50.2 na Seif Sharif Hamad wa CUF asilimia 49.8. Kama kanuni ya zamani ingalikuwapo na tofauti hiyo ndogo ingaliangukia upande wa pili, Rais Benjamin Mkapa angalikuwa na makamu kutoka chama cha upinzani.

Marekani ilikwisha kuliona tatizo la aina hiyo. Katika uchaguzi wa mwaka 1796 aliyeshika nafasi ya pili, Thomas Jefferson, alikuwa makamu wa mpinzani wake, John Adams. Ilibidi Katiba yao irekebishwe mwaka 1804 ili kura ya Rais na kura ya makamu zitenganishwe.

Tanzania ilitoa jibu lake kwa Marekebisho ya Kumi na Moja ya Katiba, mwaka 1994. Kwa mujibu wa Ibara ya 47, Makamu wa Rais hupatikana katika uchaguzi uleule pamoja na Rais, baada ya kupendekezwa na chama chake wakati uleule na mgombea urais, na wawili hao hupigiwa kura kwa pamoja. Ibara hiyo inaongeza sharti kwamba Rais akitoka upande mmoja wa Muungano, makamu atoke upande wa pili. Yale ambayo Katiba inayaeleza kwa kirefu, wananchi wanayasema kwa maneno mawili: mgombea mwenza.

Mabadiliko haya yalikuwa na gharama yake. Rais wa Zanzibar, aliyechaguliwa na Wazanzibari, alipoteza umakamu wa Muungano na akabaki mjumbe wa Baraza la Mawaziri la Muungano. Nafasi yake ya umakamu ilichukuliwa na mtu anayechaguliwa na wapigakura wa Muungano wote. Hivyo mkazi wa Igogo, ambaye kabla ya hapo hakuwa na sauti yoyote kuhusu makamu kutoka Zanzibar, sasa anampigia kura. Na Mzanzibari, aliyekuwa akimpata makamu huyo kwa kura ya Zanzibar, sasa anashiriki kura hiyo na nchi nzima. Kutokana na hayo, mgombea mwenza ni suala la Muungano kabla hajawa suala la mkakati wa chama.

5.0 Kaimu, makamu na naibu

Mgombea mwenza akishinda huacha kuwa mwenza na huitwa makamu. Neno hili nalo lastahili kuchunguzwa pamoja na majirani zake wawili, kaimu na naibu. Yote matatu yana asili ya Kiarabu. Kaimu linatokana na neno lenye maana ya anayesimama, na makamu linatokana na neno lenye maana ya mahali pa kusimama, yaani daraja au cheo. Katika Kiarabu na katika utawala wa Waturuki maneno hayo mawili yaliungana kuwa cheo kimoja cha mtu anayesimama mahali pa mkubwa wake. Kiswahili kimeyatenga. Kaimu hushika nafasi kwa muda tu, wakati makamu ana nafasi yake mwenyewe ya kudumu chini ya mkubwa. Naibu hukaribiana na makamu, lakini hutumika zaidi katika ngazi za wizara na idara.

Majirani zetu wa Kenya wametumia tofauti hii kwa namna yao. Kabla ya Katiba ya mwaka 2010 walikuwa na Makamu wa Rais aliyeteuliwa na Rais. Katiba mpya ilileta Naibu Rais, anayepatikana kwa kuwa mgombea mwenza. Huko neno jipya liliandamana na utaratibu mpya. Sisi tulibadili utaratibu tukaliacha neno makamu lilivyokuwa.

Kazi ya makamu wa Tanzania, kwa mujibu wa Ibara ya 47, ni kumsaidia Rais katika mambo ya Muungano, kutekeleza majukumu atakayopewa na Rais, na kushughulikia kazi za Rais anapokuwa nje ya ofisi au nje ya nchi. Hapa hakuna usawa. Methali isemayo mafahali wawili hawakai zizi moja inafahamika vyema katika nchi ya wafugaji kama Usukuma, na Katiba imekubaliana nayo: fahali ni mmoja. Hata hivyo, makamu hafanani na Waziri. Rais hawezi kumwachisha kazi kwa barua kama anavyoweza kumwachisha Waziri, kwa sababu wote wawili waliingia kwa kura ileile. Kumwondoa makamu madarakani ni jambo lenye utaratibu wake Bungeni.

Tunaweza kusema basi kwamba uwenza upo katika chanzo cha madaraka, na haupo katika matumizi yake.

6.0 Nani huteua?

Vitenzi vinavyoambatana na mgombea mwenza ni kupendekeza, kuteua na kuchagua. Kitenzi kinachotatiza ni kuteua, kwa kuwa watendaji wake ni zaidi ya mmoja. Husemwa kwamba mgombea urais amemteua mgombea mwenza wake. Husemwa pia kwamba Mkutano Mkuu wa chama umemteua. Na baada ya fomu kurudishwa, husemwa kwamba Tume ya Uchaguzi imemteua. Kauli ya kutendwa, ameteuliwa, hutumika sana katika taarifa za habari kwa sababu inamwezesha msemaji kutomtaja mtendaji.

Kikatiba jibu liko wazi: chama ndicho kinachopendekeza. Nchini Kenya, Ibara ya 148 inampa kazi hiyo mgombea urais mwenyewe. Tofauti hii si ndogo. Mwaka 2015 vyama vinne vilivyoungana chini ya UKAWA vilimsimamisha Edward Lowassa kupitia CHADEMA. Ili Juma Duni Haji, aliyekuwa Makamu Mwenyekiti wa CUF, awe mgombea mwenza, ilibidi ajiunge na CHADEMA, kwa kuwa kura moja hutaka chama kimoja. Katika mwaka huohuo, CCM ilipokutana Dodoma mwezi Julai, jina la Samia Suluhu Hassan lilitangazwa baada ya jina la Magufuli kupatikana. Wengi walimfahamu kutokana na Bunge Maalumu la Katiba la mwaka 2014, alikokuwa Makamu Mwenyekiti. Jina la Rais lilikuwa limepita katika mchujo na ushindani wa makada wengi. Jina la mwenza halikupita katika mchujo wa namna hiyo.

Mpigakura hukutana na uamuzi huo ukiwa umekwisha. Katika uchaguzi wa mwaka 2010, mkazi wa Igogo alipewa karatasi tatu: ya Rais, ya Mbunge na ya Diwani. Aliweza kumchagua Rais wa chama kimoja na Mbunge wa chama kingine, na mwaka huo jimbo la Nyamagana lilimchagua Ezekia Wenje wa CHADEMA. Uhuru huo wa kuchanganya hauko ndani ya karatasi ya Rais. Asiyemtaka mwenza hana pa kuweka alama yake isipokuwa kwa kumwacha na mgombea anayemtaka.

7.0 Nyakati zilizolipima neno

Matukio manne yanaonyesha uzito wa nafasi hii kuliko fasili yoyote.

La kwanza ni la mwaka 2001. Dakta Omar Ali Juma, aliyekuwa mgombea mwenza wa Benjamin Mkapa mwaka 1995 na mwaka 2000, alifariki dunia tarehe 4 Julai 2001. Dakta Ali Mohamed Shein alishika nafasi yake mwezi huohuo, kwa kuteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Bunge. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1995 nchi ikawa na makamu ambaye hakuwa amepigiwa kura kama mwenza.

La pili ni la mwaka 2005. Siku chache kabla ya uchaguzi uliopangwa kufanyika tarehe 30 Oktoba, Jumbe Rajab Jumbe, mgombea mwenza wa Freeman Mbowe wa CHADEMA, alifariki dunia. Uchaguzi wa Muungano uliahirishwa hadi tarehe 14 Desemba, wakati ule wa Zanzibar ukiendelea kama ulivyopangwa. Wapigakura wa nchi nzima, wakiwamo wa Igogo, walisubiri siku 45 kwa sababu ya kifo cha mtu ambaye baadhi yao walikuwa hawajawahi kulisikia jina lake. Kifo cha msaidizi wa kawaida hakisimamishi uchaguzi wa taifa.

La tatu ndilo lililokuwa zito kupita yote, na liliigusa Mwanza kwa namna ya pekee. Magufuli, mtu wa Chato katika Kanda ya Ziwa, alichaguliwa kwa kipindi cha pili tarehe 28 Oktoba 2020 pamoja na Samia Suluhu Hassan. Alifariki dunia tarehe 17 Machi 2021. Mwili wake uliagwa Mwanza tarehe 24 Machi katika uwanja wa CCM Kirumba, kisha ukapelekwa Chato alikozikwa tarehe 26 Machi. Siku ya kuagwa Mwanza tayari nchi ilikuwa na Rais, kwani Samia alikuwa ameapishwa tarehe 19 Machi. Ibara ya 37 haikumfanya kaimu. Ilimfanya Rais kamili kwa muda wote uliobaki. Makamu mpya, Dakta Philip Mpango, alipatikana kwa kupendekezwa na Rais na kuthibitishwa na Bunge mwezi huohuo, naye hakuwa amepigiwa kura kama mwenza.

Hebu tupime muda. Katika kipindi kilichoanza Novemba 2020, aliyekuwa jina la kwanza katika karatasi ya kura aliongoza kwa miezi minne na siku chache, na aliyekuwa jina la pili aliongoza kwa zaidi ya miaka minne na nusu. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, ambalo ujenzi wake ulianza wakati wa Magufuli na ambalo limepewa jina lake, lilifunguliwa na Rais Samia tarehe 19 Juni 2025. Mkazi wa Igogo anayevuka daraja hilo kwenda Sengerema au Geita anapita juu ya kazi iliyoanzishwa na mgombea na kumalizwa na mwenza wake, na wote wawili aliwapa alama moja ya kalamu au aliwanyima pamoja.

La nne linatoka Kenya. William Ruto na Rigathi Gachagua walichaguliwa pamoja mwaka 2022. Mwezi Oktoba 2024 Gachagua aliondolewa madarakani na Bunge na Seneti, na Kithure Kindiki akaapishwa tarehe 1 Novemba baada ya kupendekezwa na Rais na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Tukio hili linaonyesha kwamba uwenza wa kura hauzuii utengano wa watu, na kwamba mwenza akiondoka, kwa kifo au kwa njia nyingine, mrithi wake hapatikani kwa kura ya wananchi.

8.0 Fasili inayopendekezwa

Je, istilahi hii iachwe? Wapo wanaoweza kupendekeza mgombea umakamu, kwa kuwa huitaja nafasi inayogombewa bila kuificha. Kwa maoni yetu umbo hilo lina kasoro yake: linaonyesha kana kwamba kuna uchaguzi wa pili, wa makamu peke yake, na kulipoteza jambo la kura moja ambalo ndilo msingi wa utaratibu wote. Mgombea mwenza limeshika mizizi na lina haki ya kubaki. Kinachohitaji kurekebishwa ni fasili. Kulifasili kuwa msaidizi wa mgombea urais, au mtu anayegombea pamoja na mwingine, hakutoshi. Tunapendekeza fasili ifuatayo:

mgombea mwenza (wingi: wagombea wenza), mtu anayependekezwa na chama cha siasa pamoja na mgombea urais ili wapigiwe kura moja, ambaye mwenziwe akishinda, yeye huwa Makamu wa Rais, na ambaye hushika urais kwa muda uliobaki wa kipindi endapo Rais atafariki dunia au atashindwa kuendelea na kazi.

Fasili hii ina viungo vitatu, navyo vinafuata hatua tatu za nafasi yenyewe: uwenza katika kura, usaidizi katika kazi, na urithi wa kiti. Kiungo cha tatu ndicho kinachosahauliwa mara nyingi, nacho ndicho kinachopaswa kutangulia mtu anapopima kama mgombea mwenza anafaa. Mwalimu wa Kiswahili au wa Uraia anaweza kuanza somo kwa jaribio la kugeuza lililoelezwa katika sehemu ya 3.0, kisha akawataka wanafunzi waeleze kwa nini sentensi (3b) haikubaliki. Wakilijibu swali hilo vizuri watakuwa wamejifunza sarufi na Katiba kwa pamoja.

Zanzibar inatupa tahadhari moja ya ziada. Tangu marekebisho ya Katiba yake ya mwaka 2010, Zanzibar ina Makamu wa Kwanza na Makamu wa Pili wa Rais, nao wanateuliwa. Neno makamu ni lilelile, lakini hakuna mgombea mwenza nyuma yake. Mwanafunzi asiyetenganisha maneno haya mawili ataielewa vibaya mifumo yote miwili.

9.0 Hitimisho

Kuanzia mwaka 1995 hadi mwaka 2020 kila mgombea mwenza wa CCM alitoka Zanzibar, na hivyo baadhi ya watu wa Bara walilizoea neno hili kana kwamba maana yake ni Mzanzibari anayefuatana na mgombea. Mwezi Januari 2025 CCM ilimpitisha Rais Samia kuwa mgombea wake na Dakta Emmanuel Nchimbi, mtu wa Bara, kuwa mgombea mwenza. Uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025, ambao CHADEMA haikushiriki na ambao uliandamana na ghasia na vifo katika miji mbalimbali nchini, ulitangazwa kuwa CCM imeshinda, na ushindi huo ukampa Dakta Nchimbi umakamu. Sharti la pande mbili za Muungano limetekelezwa kwa kugeuzwa, na mazoea ya robo karne yameondoka. Maana halisi ya istilahi imebaki ileile.

Tumeonyesha kwamba mwenza katika mgombea mwenza si mwenza wa hadhi, kwamba anakuwa mwenza wa kura tu, na kwamba kura hiyo inaweza kumfanya Rais. Mpigakura wa Igogo hana uwezo wa kuyatenga majina mawili yaliyo katika karatasi moja. Uwezo alio nao ni wa kuyasoma yote mawili kabla ya kuweka alama, na kwa kila jina kujiuliza swali lilelile: je, mtu huyu naye anafaa kuwa Rais wangu? Kamusi, vitabu vya shule na vyombo vya habari vina wajibu wa kumpa neno lililofasiliwa kwa namna itakayomkumbusha swali hilo.